Jina si Ushahidi
Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Je, anayekosea asili?

Mwaka 1882, mjini Geisenheim, Ujerumani, mtafiti Hermann Müller, mzaliwa wa Thurgau, Uswisi, alizalisha mzabibu mpya. Wazazi wake walidhaniwa kuwa Riesling na Silvaner. Majina yakaunganishwa, ukaitwa Rivaner. Zaidi ya karne moja baadaye, vinasaba vilidhihirisha kwamba mzazi wa pili ni Madeleine Royale, wala si Silvaner. Hata hivyo, jina lingali kwenye chupa za mvinyo.

Atafutaye mizabibu inayostahimili maradhi, ili ardhi isilishwe dawa kila msimu, hana budi kuijua nasaba yake barabara. Basi walimu, tusiwazuie wanafunzi kuwahoji magwiji. Elimu isiyojisahihisha hurithisha makosa.