Sura ya Tano: Kima cha Moyoni

Kila mtafuta kazi ana kiasi cha pesa ambacho kikipungua, afadhali abaki nyumbani. Wachumi wamekiandikia vitabu. Mama wa Kawangware anayefuata Barabara ya Gitanga alfajiri kwenda kutafuta nguo za kufua Lavington hukipiga hesabu kichwani, kila siku.

Taabu ni kwamba kima hicho hakitulii. Mwenye nyumba akishabisha hodi mara mbili, mtu aliyekuwa na msimamo wa shilingi 1,000 kwa siku huondoka na 500. Ndiyo maana swali la mwajiri, "Wewe unataka ngapi?", ni zito kuliko linavyosikika. Ukilijibu upesi, inayopewa bei ni shida yako, na kazi yenyewe bado hujaijua. Uliza kwanza: saa ngapi, siku ngapi, nguo za watu wangapi, chakula kipo?

Kisha uwe na sakafu isiyotegemea njaa. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 iliweka shilingi 16,113.75 kwa mwezi kuwa kima cha chini Nairobi kwa kibarua wa kawaida, mfagiaji, yaya na mfanyakazi wa nyumbani. Juu yake huongezwa asilimia 15 ya nyumba ikiwa mwajiri hakupi pa kulala. Jumla inakaribia 18,531. Kwa hiyo ukiambiwa "elfu kumi na saba, kila kitu ndani", jua kwamba hiyo iko chini ya sakafu, ingawa inaonekana kuizidi.

Sasa tuchukue mfano wa kijana wa Kibera mwenye kazi mbili mkononi. Ya kwanza ni ya kiwanda Industrial Area, kwa sakafu hiyohiyo ya 18,531. Inakatwa asilimia 6 ya NSSF, 2.75 ya bima ya afya na 1.5 ya nyumba za serikali. Zinabaki kama 16,630. Nauli ikiwa 100 kwa siku, siku 26, anafika nyumbani na 14,000 na kitu. Ya pili ni mjengo karibu na Olympic, shilingi 700 mkononi kila jioni, na anaenda kwa miguu. Kwa siku 26 ni 18,200, na wengi hapo ndipo wanapoacha kuhesabu. Lakini mjengo hauna siku 26 za uhakika. Mvua inanyesha, simiti inaisha, fundi anahama. Zikipatikana siku 20, ni 14,000, sawasawa na kiwanda. Na kiwanda kina siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na mwajiri anamwekea NSSF kiasi kilekile anachokatwa yeye. Mimi ningechagua kiwanda, isipokuwa kama kuna mtoto anayehitaji dawa jioni hii hii. Pesa ya leo ina thamani ambayo jedwali halionyeshi.

Katika kupatana, mshahara wenyewe mara nyingi ndio mgumu kusogea. Nauli, chakula cha mchana, Jumapili ya kupumzika na malipo ya saa za ziada husogea kwa urahisi zaidi, na vyote ni pesa. Na kina mama wa kufua nguo wanaosubiri pamoja barabarani wakikubaliana bei ya chini asubuhi, wanapata nguvu ambayo hakuna aliye nayo peke yake. Ninalisisitiza hili kwa sababu anayeshusha bei leo huikuta imeshuka kesho akirudi.

Mkikubaliana, hata kwa mdomo, mtumie mwajiri ujumbe wa simu: kiasi, saa, siku ya kulipwa. Usiufute. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unakuwa wake. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimiza mwezi hahesabiwi tena kuwa kibarua. Anastahili kulipwa kwa mwezi, na kupewa notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa.