Wiketi za Nairobi: Rekodi Zetu za Warushaji, Tamu na Chungu

Kutoka Mountain View hadi Nairobi Gymkhana si safari. Unateremka na Waiyaki Way, unavuka Kangemi na Westlands, na Museum Hill unaishika Barabara ya Forest, ambayo siku hizi ina jina la Profesa Wangari Maathai. Jumapili asubuhi, kabla magari hayajaanza kusukumana, unafika ukiwa bado unasoma habari za michezo kwenye simu. Wengi wanaoupita ukuta wa klabu hiyo wakielekea Pangani hawana habari kwamba ndani yake zimewekwa rekodi za dunia, baadhi za fahari na baadhi za aibu kwa yeyote aliyewahi kushika mpira na kukimbia kwenda kuurusha.

Wamarekani humhesabia mrushaji wa besiboli kila kitu. Cy Young alishinda mechi 511, Nolan Ryan aliwatoa wapigaji 5,714 kwa mapigo matatu, na takwimu hizo mtoto wa shule kule anazo kichwani. Sisi besiboli haikutushika. Tulicho nacho ni kriketi, na mrushaji wa kriketi ni binamu wa yule wa besiboli kwa kazi, si kwa tabia. Wa besiboli husimama kwenye kichuguu mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, akaukunja mkono na kuufyatua mpira usioguswa na ardhi. Wa kriketi hutoka mbio, hurusha akiwa amenyoosha mkono (sheria inavumilia kiwiko kinyooke nyuzi 15 tu), na mpira wake mara nyingi hudunda kwanza, ukachepuka au ukaruka ghafla. Tena katika mechi ya kimataifa ya siku moja, ODI, haruhusiwi kupita ova kumi. Yaani mipira halali 60, basi. Ndani ya mipira hiyo ndimo jina hujengwa au kuvunjwa.

Nimezipanga hapa rekodi na siku kubwa za warushaji walioguswa na jiji hili. Mpangilio ni wangu, na anayetaka kubishana aje.

Siku moja iliyo kubwa kuliko zote

Hapa hakuna mjadala mrefu. Tarehe 24 Februari 2003, Kombe la Dunia lilikuwa Gymkhana. Siku tatu kabla yake uwanja ulikuwa mtupu, kwa sababu New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama baada ya shambulio la kigaidi la Kikambala la Novemba 2002, na Kenya ikapewa alama za bure. Maneno yalikuwa mengi: eti tungefika wapi bila zawadi ile. Sri Lanka, mabingwa wa 1996, wakaja.

Kenya ilipiga kwanza na kupata mikimbio 210 kwa wiketi 9, yaani wapigaji tisa wakiwa wametolewa, Kennedy Otieno akichangia 60. Hayo si mengi. Kisha mpira akapewa mdogo wake Kennedy, Collins Obuya, kijana wa miaka 21 anayezungusha mpira kwa kifundo cha mkono. Sanaa hii ni ngumu kuliko zote katika urushaji. Vidole viwili vya kwanza hulala juu ya mshono, cha tatu hujipinda pembeni, na wakati wa kuuachilia, kiganja hugeuka kama mtu anayefungua kitasa cha mlango. Ukikosea kidogo, mpira unafika mrefu na laini, mpigaji anautuma nje ya uwanja. Ukipatia, unapaa juu ya macho yake, unashuka ghafla asikotarajia, unadunda na kukimbilia upande mwingine.

Siku hiyo Obuya alipatia. Aravinda de Silva, aliyewapa Sri Lanka ubingwa kwa mikimbio mia katika fainali ya 1996, alikwenda. Mahela Jayawardene alikwenda. Kumar Sangakkara alikwenda. Ova 10, mikimbio 24, wiketi 5. Sri Lanka wakafungiwa kwenye 157 na Kenya ikashinda kwa mikimbio 53, mashabiki wakaingia uwanjani kucheza na wachezaji. Muda si mrefu Warwickshire ya Uingereza ikamsajili.

Kilichofuata kinatajwa mara chache. Goti lilimsumbua, na uzungushaji wake ukapungua makali. Wengi wangeishia hapo. Yeye akageuka mpigaji, na katika Kombe la Dunia la 2011, dhidi ya Australia mjini Bangalore, alimaliza na mikimbio 98 bila kutolewa. Miwili tu ilikosekana kutimiza mia. Alistaafu mwaka 2024, miaka 21 baada ya siku ile ya Gymkhana, na bado ukimtaja, mtu anakuuliza: yule wa Sri Lanka?

Mrushaji bahili kuliko wote

Aasif Karim alizaliwa Mombasa mwaka 1963, akaiwakilisha Kenya katika tenisi ya Kombe la Davis na katika kriketi pia, akawa nahodha kwenye Kombe la Dunia la 1999, kisha akastaafu. Mwaka 2003 aliitwa tena akiwa na miaka 39. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, alikutana na Australia, timu iliyolitwaa kombe lile bila kupoteza mechi hata moja.

Kenya ilikuwa imepata 174 tu, baada ya Brett Lee kuwatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Australia walikuwa wakila taratibu, 109 kwa wiketi 2, mzee alipoingia. Akamtoa nahodha wao Ricky Ponting. Akamtoa Darren Lehmann. Akamtoa Brad Hogg. Wakawa 117 kwa 5. Hesabu yake ya siku: ova 8 na mipira 2, sita kati ya ova hizo zisizozaa hata mkimbio mmoja, wiketi 3, mikimbio 7. Mipira hamsini, mikimbio saba, dhidi ya wapigaji wakali kuliko wote duniani wakati ule! Australia walishinda, ndiyo, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi ilimwendea Karim. Kwa upande wangu huu ndio urushaji bora kuliko wote uliofanywa na Mkenya, bora hata kuliko ule wa Obuya, kwa sababu Obuya alisaidiwa na woga wa Sri Lanka wenyewe. Australia hawakuwa na woga.

Mnamo Oktoba 1997, hapo Gymkhana, Karim huyohuyo alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 33 dhidi ya Bangladesh. Hakuna anayekumbuka, maana siku hiyo Dipak Chudasama na Kennedy Otieno walifungua kwa ushirikiano wa mikimbio 225 na Kenya ikafika 347. Mpigaji akishiba, mrushaji husahauliwa.

Mshangao mkubwa kuliko yote

Pune, India, Kombe la Dunia, 29 Februari 1996. Kenya yote nje kwa 166, na aliyechangia zaidi hakuwa mchezaji: ilikuwa mikimbio 37 ya ziada iliyotokana na makosa ya West Indies wenyewe. Rajab Ali akampata Brian Lara, mpira ukagusa kingo ya gongo na Tariq Iqbal, mlinda wiketi ambaye watazamaji walikuwa wamemcheka kwa kuangusha mipira, akaudaka. Rajab alimaliza na wiketi 3 kwa 17. Nahodha Maurice Odumbe, aliyerusha mipira ya polepole ya kuzunguka, alichukua 3 kwa 15 katika ova kumi. West Indies, mabingwa wa dunia mara mbili, wakaisha kwa 93.

Odumbe alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa uhusiano na wachuuzi wa kamari. Hilo liko kwenye kumbukumbu kama ilivyo ile 3 kwa 15, na sioni sababu ya kufuta mojawapo.

Wazawa wa Nairobi waliong'aa wakivaa rangi nyingine

Hili linanifurahisha kila ninapolifikiria. Mwaka 1958 walizaliwa Nairobi watoto wawili, wiki chache tu wakipishana: Derek Pringle mwezi wa Septemba na Dipak Patel mwezi wa Oktoba. Baba yake Derek, Don Pringle, aliirushia mpira timu ya Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1975, na Oktoba mwaka huohuo akafa katika ajali ya gari hapa Nairobi. Miaka 17 baadaye, kwenye kombe la 1992, wazawa hawa wawili walikuwa uwanjani. Patel, akiichezea New Zealand, alipewa mpira mpya aufungue mchezo dhidi ya Australia mjini Auckland, jambo lililowashangaza watu, kwani mpira mpya ulikuwa wa wenye mbio, si wa wazungushaji. Mbinu hiyo leo ni ya kawaida kila mahali. Pringle, akiichezea Uingereza katika fainali ya Melbourne dhidi ya Pakistan, alichukua 3 kwa mikimbio 22 katika ova kumi. Uingereza walishindwa hata hivyo.

Vipigo vikali kuliko vyote

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Mountain View iko juu zaidi ya katikati ya jiji. Hewa nyepesi haiupingi mpira sana, kwa hiyo ukipigwa unakwenda mbali zaidi, na ule uchepukaji wa angani anaoutegemea mrushaji wa mbio hupungua. Denver wana shida hiyohiyo kwenye besiboli, wakafikia hatua ya kuhifadhi mipira katika chumba chenye unyevu maalumu tangu 2002. Sisi tunairusha hivyohivyo.

Tarehe 4 Oktoba 1996, Pakistan walimtuma Shahid Afridi, kijana mgeni aliyeitwa kikosini kama mzungushaji wa mpira kuziba pengo la Mushtaq Ahmed, atangulie kupiga dhidi ya Sri Lanka. Alikuwa hajawahi kupiga hata mpira mmoja katika mechi ya kimataifa. Akaazimwa gongo lililotoka kwa Sachin Tendulkar na akafikisha mikimbio mia kwa mipira 37, akiurusha mpira nje ya mipaka bila kudunda mara 11. Sanath Jayasuriya wa Sri Lanka alitoa mikimbio 94 katika ova zake kumi. Rekodi hiyo ya Afridi, ya mia ya haraka zaidi katika ODI, ilidumu hadi Januari 2014.

Iliyo mbaya zaidi iko Ruaraka, upande wa Thika Road. Tarehe 23 Oktoba 2024, Zimbabwe walikutana na Gambia katika mechi ya ova 20 na kupata 344 kwa wiketi 4, jumla ambayo hakuna timu ya taifa ya wanaume ilikuwa imeifikia katika ova 20, Sikandar Raza akiwa na 133 bila kutolewa. Mrushaji Musa Jobarteh alitoa mikimbio 93 katika ova nne, bila wiketi. Kabla yake aliyekuwa amebeba mzigo huo katika mechi za kimataifa za wanaume za ova 20 ni Kasun Rajitha wa Sri Lanka, aliyetoa 75 mwaka 2019. Gambia wakatolewa kwa 54. Lakini Jobarteh alimaliza ova zake zote nne. Hakuomba kutoka.

Rekodi ya mrushaji isiyohusu kurusha

Fupi: mwaka 2001, Nairobi, dhidi ya West Indies, Peter Ongondo aliingia kupiga akiwa wa kumi na moja, yaani wa mwisho kabisa, nafasi ya mrushaji asiyetegemewa kwa gongo. Akapata 36, zaidi ya wenzake wote kumi. Alikuwa wa kwanza katika historia ya ODI kufanya hivyo kutoka nafasi hiyo.

Taaluma ndefu ya urushaji

Nimemweka mwisho niliyetaka kumweka kwanza. Thomas Odoyo alizaliwa Nairobi mwaka 1978. Alikuwa na miaka 17 Kenya ilipocheza ODI yake ya kwanza, dhidi ya India mjini Cuttack tarehe 18 Februari 1996, naye alikuwemo. Alikuwepo pia 1999, 2003, 2007 na 2011: makombe matano ya dunia, sawa na mwenzake Steve Tikolo. Alikuwa mrushaji wa kwanza kutoka nchi isiyo na hadhi ya Test, yaani ya mechi za siku tano, kufikisha wiketi 100 za ODI, na mchezaji wa kwanza kutoka nchi kama hiyo kuziunganisha wiketi hizo na mikimbio 1,500. Aliitwa Botham Mweusi. Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, lilimpa tuzo ya mchezaji bora wa ODI kutoka nchi wanachama washiriki.

Alimaliza na wiketi zaidi ya 140. Kinachonivutia ni kwamba hana siku moja ya kusimuliwa. Bora yake ni wiketi 4 kwa mikimbio 25. Hakuwahi kufikisha tano katika ODI. Mbili leo, moja wiki ijayo, tatu mwezi ujao kama mechi ipo, na baada ya Kenya kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003 mechi zilikuwa adimu mno. Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka ana wiketi 534 za ODI, lakini Muralitharan alikuwa na mechi za kuzichukulia. Anayemfuata Odoyo kwa Kenya ni Tikolo, mwenye wiketi tisini na kitu, naye alikuwa mpigaji kwanza.

Kenya ilipoteza hadhi ya ODI mwaka 2014. Kijana anayejifunza kurusha leo kwenye uwanja wa Jaffery, au kwa mpira wa tenisi uliofungwa utepe katika vichochoro vya Mountain View, atachezea taifa mechi za ova 20, ambamo mrushaji mmoja hupewa ova nne tu. Wiketi zake zitaandikwa katika safu nyingine ya kitabu. Ile ya Odoyo haina wa kuisogelea mpaka hadhi irudi.