Bakteria wa soya nao wahitaji kupokelewa

Tuliporejea Burundi mwaka 2008 kutoka makazi ya Mishamo, Tanzania, nilikokulia na kusomea, nilipanda soya nyuma ya nyumba. Mbegu nilizipaka unga wenye bakteria, nilioagiza kwa mfanyabiashara wa mpakani Mugina. Baada ya wiki sita nikang'oa mche mmoja. Majani manjano, mizizi mitupu! Nikamlaumu ndugu yule kwamba ameniuzia vumbi.

Kumbe kosa lilikuwa shambani. Bakteria hao, waitwao rizobia, huingia mizizini na kujenga vinundu. Humo huvuta naitrojeni ya hewani na kuilisha soya, nayo soya huwapa sukari. Lakini milima yetu ya kusini ina udongo mchachu. Uchachu ukizidi, yaani pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudhuru mizizi, bakteria hudhoofika, na fosforasi inayohitajika kujenga vinundu hung'ang'aniwa na udongo. Sisi tuliorudi twalijua hilo: kufika ni jambo moja, kupokelewa ni jingine.

Msimu uliofuata niligawa shamba mara mbili. Nusu moja niliichanganyia chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kisha samadi iliyooza na mbolea ya fosforasi. Nusu ya pili ilipata bakteria peke yao. Soya ilipotoa maua nikapasua vinundu kwa ukucha. Penye chokaa vilikuwa vinene, vyekundu ndani, dalili kwamba vinafanya kazi. Kwingine vilikuwa vichache, vyeupe.

Ndugu mkulima, pima udongo kwanza. Tumia chokaa ya mawe yaliyosagwa, si ile ya kupaka nyumba, kwani ni kali. Usichanganye bakteria na mbolea katika ndoo moja. Urea nayo usiimwage ovyo, kwani soya ikishiba naitrojeni ya dukani haijengi vinundu. Mbegu zilizopakwa zipandwe siku hiyo hiyo, jua lisizipige.

Nanyi wafanyabiashara, pakiti hiyo ina viumbe hai. Ikichomwa na jua juu ya baiskeli, mteja hununua unga mtupu. Angalieni pia tarehe ya mwisho.

Yule ndugu wa Mugina nilimwomba radhi. Siku hizi pakiti zangu huzileta alfajiri, amezifunika kwa majani ya mgomba.