Vyombo vya Fedha vya Malkia: Zawadi ya Mtawala ni Mali ya Nani?

Ndugu msomaji, Arusha yetu ni mji wa wageni. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, marais na mabalozi huingia na kutoka, na penye ugeni hapakosi zawadi. Hivi karibuni, baada ya Sala ya Ijumaa hapa Moshono, kijana mmoja aliniuliza: kiongozi Mwislamu akitunukiwa na wageni vyombo vya fedha, je, anaruhusiwa kuvinywea? Na je, ni vyake au ni vya umma? Maswali haya mawili yana historia ndefu katika mwambao wetu, nami nimeona nimjibu kwa historia hiyo.

Mwaka 1842 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alimtuma Ali bin Nasir kwenda London kwa jahazi lake, Sultana. Mjumbe huyo alichukua zumaridi, shali za Kashmiri, mikufu ya lulu na farasi wa Kiarabu kwa ajili ya Malkia Victoria. Malkia naye alirejesha hisani kwa gari la kifalme la kukokotwa na farasi, pamoja na seti ya vyombo vya chai vya fedha vilivyopakwa dhahabu.

Gari lilifika likiwa vipande vipande, likaungwa, kisha likakaa bure, kwa kuwa Zanzibar ya siku zile haikuwa na barabara za kulipitisha. Vyombo vya chai navyo vilionekana kuwa vya fahari mno kwa matumizi ya kawaida, vikapelekwa katika ubalozi mdogo wa Uingereza vihifadhiwe. Tazama ajabu hiyo: zawadi ilivuka bahari mbili, kisha ikaishia nyumbani kwa mwakilishi wa yule yule aliyeitoa! Isitoshe, nyumba za wakubwa wa mwambao zilimkirimu mgeni kwa kahawa na sherbeti. Aliyechagua birika la chai aliwafikiria zaidi watu wa kwao.

Lakini hata kama chai ingekuwa kinywaji cha kila siku Mtoni na Mji Mkongwe, vyombo vile vingeleta mushkeli wa kisheria. Mtume (S.A.W.) amekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, na hadithi hizo zimo katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, wamekwenda mbali zaidi: kauli yenye nguvu kwao ni kwamba haifai hata kukiweka chombo cha namna hiyo bila kukitumia. Wako wanazuoni wengine walioruhusu kukimiliki. Kwa kauli hiyo ya Shafi, mirashi na vitezo vya fedha halisi tunavyoviona katika baadhi ya harusi navyo vinaingia humo humo, ingawa najua wenye navyo hawatafurahi kuyasikia haya.

Je, zawadi kama hiyo irudishwe? Si lazima. Mtume (S.A.W.) alimpa Sayyidna Umar (R.A.) vazi la hariri, naye akashangaa, kwani alikwisha kusikia kwamba wanaume wamekatazwa kulivaa. Akaelezwa kwamba hakupewa alivae. Umar akampelekea ndugu yake aliyekuwa Makka, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu. Kupokea ni jambo moja, na kutumia ni jambo jingine.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Miaka miwili kabla ya safari ya London, Sultana ilikuwa imetia nanga New York, tarehe 30 Aprili 1840, ikiwa na mjumbe Ahmad bin Na'aman. Zawadi zake kwa Rais Martin Van Buren zilikuwa farasi wawili, lulu, marashi ya waridi, shali, zulia na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Rais akasema hawezi kuzipokea, kwa kuwa katiba ya Marekani inamkataza mwenye cheo kupokea zawadi ya mfalme au dola ya kigeni bila idhini ya Bunge. Bunge likaruhusu zipokewe kwa niaba ya nchi. Farasi wakauzwa na fedha zikaingia hazina.

Msomaji wa historia ya Kiislamu hataliona jambo hilo kuwa geni. Imamu Tabari amesimulia kwamba Ummu Kulthum, mkewe Sayyidna Umar, alimpelekea mke wa mfalme wa Rumi manukato, akaletewa badala yake mkufu wa thamani kubwa. Umar aliwakusanya watu kuwataka shauri. Wengine walisema ni mali ya mkewe. Yeye akaona kwamba mjumbe aliyebeba zawadi ni mjumbe wa Waislamu, akautia mkufu katika Baitul-Mali na kumlipa mkewe kiasi alichogharimia. Na Ibnul-Lutbiyya, aliyerudi kutoka kukusanya zaka akidai kwamba sehemu fulani amepewa yeye, aliulizwa na Mtume (S.A.W.) kama angeletewa zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake.

Ukali huo una sababu. Mwaka 1839 Sayyid Said alikuwa ametia saini mkataba wa biashara na Waingereza. Mwaka 1845 akatia saini mwingine, uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kutoka milki zake za Afrika kwenda za Asia. Kukoma kwa biashara ile ilikuwa kheri. Lakini mtawala aliitia saini kwa kubanwa, na wanaombana ndio waliompa birika. Mwaka 1854 aliwapa visiwa vya Kuria Muria, vyenye utajiri wa mbolea ya ndege, kama zawadi kwa Malkia. Visiwa hivyo vilirudi Oman mwaka 1967.

Hapa nchini, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atoe taarifa ya zawadi inayozidi thamani iliyowekwa. Kwa hiyo nilimjibu kijana: alichopewa kwa ajili ya cheo akikabidhi. Na raia wa kawaida aliyerithi vyombo vya fedha halisi avipime. Vikifika dirhamu 200, yaani takriban gramu 595, na mwaka ukapita, vina zaka ya asilimia mbili na nusu, hata kama vimefungiwa kabatini.