Kura Iliyochelewa

Kila vita vya Kagera vinapotajwa, hakosekani msimulizi wa kueleza jinsi Mwalimu Nyerere alivyosimama bungeni kuwaomba wabunge ruhusa ya kumpiga Idi Amin. Hadithi tamu, ila si kweli. Hotuba ya 2 Novemba 1978 iliwaendea wananchi, wakaisikia redioni, na haikuomba kura ya mtu. Hata Katiba ya sasa, ibara ya 44, inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita; Bunge huitishwa ndani ya siku 14 kufikiria kama litaunga mkono tamko ambalo limekwisha kutoka.

Kiongozi anayeomba vita kwa wabunge ni wa Marekani. Woodrow Wilson alifanya hivyo 2 Aprili 1917. Seneti ilikubali kwa kura 82 dhidi ya 6, Baraza la Wawakilishi kwa 373 dhidi ya 50. Kwingineko, aghalabu wabunge huombwa fedha tu.

Mfano ni Berlin. Tarehe 4 Agosti 1914, Kansela Bethmann Hollweg aliposimama mbele ya Reichstag, Ujerumani ilikuwa imekwisha kutangaza vita dhidi ya Urusi na Ufaransa, na asubuhi hiyo hiyo askari wake walikuwa wameingia Ubelgiji. Wabunge wakapitisha mikopo ya marki bilioni 5.

Ilipaswa sasa kufuata London, lakini hakuna namna ya kutaja Berlin ya 1914 na kuiruka delta ya Rufiji. Manowari Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliondoka Dar es Salaam 31 Julai, kabla Ujerumani haijatangaza vita dhidi ya nchi yoyote. Septemba ikaizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha kwenye mikoko ya Salale, katika wilaya ya leo ya Kibiti. Wapo wanaodai meli ile ililindwa kwa dawa. Dawa gani? Kilichoilinda ni kina cha maji: manowari kubwa za Waingereza zingekwama kwenye matope midomoni mwa mto. Boila zake zilipoharibika, zilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa, na waliozivuta ni Waafrika wasio na mbunge hata mmoja Berlin.

Ufumbuzi ulikuwa boti za mizinga Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazili, kwa hiyo hazikuhitaji maji mengi. Kwa kuwa mikoko iliwaziba macho wapiga mizinga, ndege ziliruka juu kuwaelekeza kombora linakoangukia. Shambulio la 6 Julai 1915 lilishindwa. La 11 Julai likaivunja meli, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe.

Mizinga yake 10 iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kupigana nchi kavu upande wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Wilson alipoomba kura yake, bonde la Rufiji lilikuwa limefurika kwa mvua kubwa za 1917, na wapagazi wa pande zote mbili walikuwa wakifa kwa njaa na kuhara.

London hakuna la kusimulia sana: mfalme alitangaza vita 4 Agosti 1914, na siku mbili baadaye Bunge likaidhinisha pauni milioni 100.