Sherifu si Sharifu, wala si Mkuu wa Polisi

Mfasiri wa habari za Marekani akutanapo na cheo cha "sheriff" huweza kuvutwa kuandika "sharifu", kwa kuwa sauti zinakaribiana, au "mkuu wa polisi". Kwa maoni yetu yote mawili ni makosa, na la pili lina madhara zaidi.

"Sharifu" tumelipata kutoka Kiarabu, nalo hutumika kwa mtu wa ukoo wa Mtume Muhammad. "Sheriff" limetokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale yenye maana ya wilaya na msimamizi. Maneno haya hayana asili moja.

Ama kuhusu "mkuu wa polisi", yafaa tutazame kazi zenyewe. Idara ya polisi ni chombo cha mji, na kwa kawaida mkuu wake huteuliwa na meya au viongozi wengine wa mji huo. Sherifu ni ofisa wa kaunti, na katika majimbo mengi huchaguliwa kwa kura, aghalabu kwa miaka minne. Ingawa mjini New York huteuliwa na meya. Licha ya kulinda usalama katika sehemu zisizo na serikali ya mji, mara nyingi sherifu husimamia jela ya kaunti, hulinda mahakama na hupeleka hati zake. Hapa Tanzania jela ziko chini ya Magereza, si polisi.

Tuchukue mfano wa Los Angeles. Mji una idara yake ya polisi, na kaunti ina sherifu wake, ambaye pia hulinda miji kadhaa kwa mkataba, kama vile Lakewood tangu mwaka 1954. Vyombo vyote viwili vikiitwa "polisi", msomaji hatajua ni nani aliyemkamata mtu, wala ni nani wa kuulizwa iwapo mtu huyo amefia jela.

Kwa hiyo tunapendekeza "sherifu", wingi "masherifu", na "ofisi ya sherifu". "Idara ya polisi" libaki kwa polisi wa mji. Walio chini ya sherifu tusiwaite "manaibu", maana huenda wakafikia maelfu, ilhali naibu kwetu ni msaidizi wa karibu wa mkubwa. "Askari wa sherifu" latosha.

Tunakaribisha maoni ya wasomaji, hasa wafasiri na watangazaji.