Mashine ikisikia mpigo, mtoto yu salama?

Saa nane za usiku nyumba nzima imelala isipokuwa mtu mmoja. Mjamzito wa wiki ya 31 ameegemea mto, tumbo limepakwa jeli, mkononi ana kifaa kidogo alichoagiza mtandaoni. Tangu jana jioni mtoto hajacheza kama alivyozoea. Anakisogeza kifaa chini ya kitovu, anasikia mkwaruzo, kisha mdundo wa haraka kama cherehani inayokimbizwa. Anashusha pumzi, anafuta tumbo, anajifunika shuka. Safari ya hospitali aliyokuwa ameipanga kichwani anaiahirisha.

Usiku wa namna hii huwapata wanawake wengi, hasa waliowahi kupoteza mimba, na siandiki kuwalaumu. Aliyewahi kutoka wodini mikono mitupu anajua kwa nini mtu huitafuta sauti hiyo usiku wa manane. Ila mama huyu alitaka kujua kama mtoto wake yu salama, na mashine imemjibu jambo dogo zaidi: kwamba kuna kitu kinachodunda hapo, sasa hivi.

Kifaa hicho huitwa dopla, kwa jina la Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria aliyeeleza mwaka 1842 kwamba wimbi hubadilika kadiri chanzo chake kinavyokaribia au kuondoka. Yeye aliwaza rangi za nyota. Sisi tunaijua kanuni hiyo barabarani, honi ya basi inaposikika nyembamba likija na nzito likishatupita. Dopla ya ujauzito hutuma mawimbi ya mitetemo milioni 2 au 3 kwa sekunde, mbali kabisa na upeo wa sikio la binadamu unaoishia karibu na mitetemo 20,000. Mawimbi yakigonga kitu kilichotulia hurudi vilevile. Yakigonga kitu kinachosogea, tuseme kwa kasi ya sentimita 10 kwa sekunde, kifaa cha mitetemo milioni 2 hupata tofauti ya mitetemo kama 260, na tofauti hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye spika. Kwa maneno mengine, sauti unayoisikia imetengenezwa na mashine kutokana na mwendo. Mashine haijui mwendo huo ni wa nani.

Na tumboni mwa mjamzito vinavyosogea ni vingi. Mshipa mkuu wa damu wa mama unapita nyuma ya mji wa mimba. Kondo la nyuma lina mvumo wake, kama upepo kwenye minazi. Moyo wa mtoto hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Wa mtu mzima aliyepumzika, mara 60 hadi 100. Kwenye karatasi tofauti hiyo haina utata. Lakini mama wa saa nane za usiku hajapumzika. Ana hofu, na hofu yaweza kuupandisha mpigo wake hadi 120, ndani kabisa ya kiwango cha mtoto. Kadiri anavyozidi kuogopa, ndivyo mpigo wake mwenyewe unavyozidi kufanana na ule anaoutafuta. Ndiyo sababu mkunga aliyefunzwa, sikio likiwa kwenye ile pembe iliyobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, huweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa mama. Analinganisha mipigo miwili kabla hajasema neno.

Tuseme basi mdundo uliosikika ni wa mtoto kweli. Bado hatujafika. Mtoto anapoanza kukosa oksijeni ya kutosha, pengine kwa sababu kondo halifanyi kazi vizuri, hubana matumizi. Hupunguza kurusha mikono na miguu. Damu huelekezwa zaidi kwenye ubongo na moyo, na viungo vingine hupata kinachobaki. Katika mpango huo wa dharura moyo hulindwa hadi mwisho. Kucheza kwaweza kupungua saa nyingi kabla, hata siku kadhaa, na muda wote huo mdundo ukaendelea kusikika.

Kwa hiyo hospitalini hawaishii kusikiliza kama mpigo upo. Mama hufungwa mikanda ya mashine inayochora mapigo kwa dakika 20 au zaidi, na wataalamu hutazama mstari: unapanda mtoto anapocheza? Unashuka ghafla? Una vijiwimbi vidogo vidogo, au umenyooka? Mstari ulionyooka muda mrefu waweza kuonyesha mipigo 140, namba nzuri kabisa, na bado ukawa ndio unaomfanya daktari aite wenzake. Dopla ya nyumbani ingesoma 140 hiyohiyo na kumtuma mama akalale.

Mwaka 2009 madaktari wa kusini mwa Uingereza waliandika katika jarida la BMJ kisa cha mjamzito aliyehisi mtoto amepunguza kucheza, akajituliza kwa dopla yake ya nyumbani, na alipofika hospitali mtoto alikuwa amekwisha kufariki tumboni. Hakuna anayeweza kuapa kwamba angewahi siku ya kwanza mtoto angepona. Lakini zile saa za kujaribu kumwokoa zilipita akiwa na faraja isiyo na msingi. Mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wajawazito wasitumie vifaa hivi bila usimamizi wa mtaalamu, ikikumbusha pia kwamba mawimbi ya altrasaundi huweza kupasha joto tishu kidogo. Madhara kwa watoto hayajathibitishwa, ila mamlaka hiyo haikuona sababu ya kumweka mtoto kwenye mawimbi hayo kila siku bila manufaa ya kitabibu. Miaka mitatu baadaye mbunge Antoinette Sandbach alipeleka katika Bunge la Uingereza muswada wa kudhibiti uuzaji wa dopla za nyumbani.

Kuna upande wa pili unaosemwa kwa nadra. Katika wiki ya 10 au 12 mji wa mimba bado umejificha nyuma ya mfupa wa kinena, na mtoto hazidi urefu wa kidole. Hata mkunga mwenye dopla ya kliniki huweza kutafuta akakosa. Kondo likiwa limekaa upande wa mbele, au mtoto akiwa amegeuka, ni vigumu zaidi. Mama akikosa sauti nyumbani huamini mimba imeharibika, akalia usiku kucha kwa ajili ya mtoto asiye na tatizo lolote. Akiipata, faraja hudumu kidogo. Kesho anarudia, kesho kutwa mara mbili, na wiki ijayo hawezi kulala bila kupima. Wasiwasi unaolishwa namna hiyo hukua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mjamzito 1 kati ya 10 duniani ana tatizo la afya ya akili, na katika nchi zinazoendelea ni zaidi ya hapo, asilimia 15.6. Mwambie mkunga hofu yako waziwazi siku ya kliniki, kama unavyomwambia habari za kuvimba miguu. Nayo ni sehemu ya ujauzito wako, na ina matibabu.

Sisemi dopla ni kifaa kibaya. Mikononi mwa wakunga imefanya kazi kubwa, na mfano mmoja uko karibu nasi. Katika Hospitali ya Haydom mkoani Manyara, watafiti walilinganisha pembe ya Pinard na dopla ya kufunga tumboni wakati wa uchungu, iliyopewa jina la Kiswahili, Moyo. Dopla ilibaini mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi zaidi. Jambo ambalo wanunuzi wa mtandaoni wangepaswa kulijua ni kwamba waliokiunda kifaa hicho walikiwekea uwezo wa kupima na mpigo wa mama, wakijua hata mkunga mzoefu huweza kuchanganya.

Chombo ambacho mjamzito anacho muda wote ni kucheza kwa mtoto. Wengi huanza kuhisi kati ya wiki ya 16 na 24, na mimba ya kwanza huchelewa kidogo. Ukifika wiki ya 24 hujahisi kitu, nenda ukapimwe. Baadaye kila mtoto hujenga mtindo wake: mwingine huamka mama akilala, mwingine baada ya chakula. Hulala kwa vipindi vya dakika 20 hadi 40, mara chache kupita dakika 90. Usihangaike na hesabu za jirani yako. Ujue mtindo wa mwanao.

Hapa naomba wakubwa wetu wanisikilize. Mama na shangazi wengi humwambia binti kwamba siku za mwisho mtoto hutulia kwa kuwa nafasi imekuwa finyu. Wanasema kwa upendo, lakini si kweli. Aina ya mchezo yaweza kubadilika, mateke yakawa misukumo na kujinyoosha, ila mtoto anapaswa kuendelea kucheza mpaka uchungu unapoanza na hata wakati wa uchungu wenyewe. Ushauri wa kunywa kwanza soda au maji baridi ili aamke nao hupoteza muda.

Elimu hii peke yake haitoshi, na lazima nilikiri hilo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet, uliohusisha hospitali 33 za Uingereza na Ireland na mimba zaidi ya 400,000, haukuonyesha kwamba kuhimiza wajawazito kufuatilia kucheza kwa mtoto, pamoja na mpango wa kuwahudumia, kulipunguza vifo kwa kiwango cha kuaminika. Mama anaweza kufika mapema na bado akategemea atakayempokea, vipimo vilivyopo na uamuzi utakaofuata. Lakini asiyefika hana hata hilo la kutegemea.

Ukiwa na shaka kama amecheza, lala kwa ubavu wa kushoto, zima televisheni, mzingatie kwa saa 2; shaka ikibaki, nenda hospitali. Ukiwa huna shaka kwamba amepunguza, usisubiri hizo saa 2 wala kupambazuke. Chukua kadi ya kliniki, mwamshe mtu akusindikize. Mapokezini usianze na "najisikia vibaya", maana kauli hiyo hupangwa foleni. Sema: "Mtoto wangu hachezi kama kawaida," kisha taja mimba ni ya wiki ngapi na ameanza kupunguza kucheza tangu saa ngapi. Na ikitokea tena wiki ijayo, rudi useme vilevile.